Kadruba wa Kumi

Kuze, Mombasa. Masika ya 1996.

Jumatano, 3 Aprili

Shule zimefungwa. Nimelikuta daftari hili kabatini chini ya karatasi za mtihani, jipya kabisa, nikaona nikiliacha hadi muhula ujao watoto watalimaliza kwa kuchora ndege. Basi nitaliandika mimi. Joto halisemeki, mvua imechelewa, na Baba ana kanzu arubaini za Idd ambazo bado hazijatiwa darizi.

Jumamosi, 6 Aprili

Imekuja barua kutoka Poland. Baba alidhani ni bili ya simu iliyopotea njia, akaileta nyumbani mchana haijafunguliwa, akaiweka kando ya sinia la wali. "Mwalimu, nisomee."

Ndani mlikuwa na kurasa mbili za Kiingereza kilichoandikwa kwa jasho, na karatasi iliyochanwa kutoka kitabu cha simu cha Kenya. Mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu: Kadruba Tailoring, Biashara Street. Ni duka la Baba.

Mwandishi anaitwa Ludwik Kadruba. Ana miaka sitini na minane, mkewe alikufa, mtoto hana. Mwana wa jirani yake ni mhandisi wa meli, na kila bandari anayoshuka hufunua kitabu cha simu kumtafutia mzee jina lake. Amefanya hivyo miaka sita, na hajapata kitu ila hapa kwetu. Mzee anasema hata kwao jina hili ni adimu. Serikali ilipohesabu majina ya koo mwaka 1990, ilipata Kadruba tisa tu katika nchi nzima, na yeye akiwa mmoja wa hao tisa.

Asili yake hana hakika nayo. Babu yake alimwambia kwamba wazee wao walikuwa wakichonga magogo kuwa mapipa ya nafaka, na jina la pipa likawaganda wenyewe. Kasisi wa kijiji akasema sivyo, jina limetokana na kijito kilichokauka zamani. "Chagueni mnalopenda," anaandika. "Mimi nilichagua pipa." Hapo nikampenda.

Kisha lilifuata swali. Kaka yake, Jan, alikwenda vitani, akatoka na jeshi kupitia Uajemi, hakuonekana tena. Mzee amesikia kwamba Wapolandi wengi walishushwa Mombasa miaka ile. Anamuuliza Baba: je, wewe ni mtoto wa Jan?

"Soma tena hapo," Baba akasema. Nikasoma tena. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa papo hapo kwenye mkeka wake akishona kofia. Hakuinua macho.

"Mchuzi wapoa," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili

Nieleze vizuri, maana hata mimi nikijisomea baadaye nitataka kujua nilijua nini na sikujua nini.

Babangu ni Kadruba Salim, amezaliwa 1943, fundi wa kanzu. Wakati wa vita kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland kule Nyali, na babu Salim, Mungu amrehemu, alikuwa dobi wao. Mmoja wa Wazungu wale aliwatendea wema, na mtoto alipozaliwa akapewa jina lake. Ndiyo desturi. Anayekupa jina ni somo wako, na somo ni karibu na mzazi. Hilo ndilo tulilolijua. Yaliyobaki ni hadithi za Baba mwenyewe. Nilipokuwa mdogo somo wake alikuwa kapteni mwenye masharubu, aliyemtoa babu kwenye mdomo wa papa. Nilipoingia sekondari alikuwa meja. Mwaka jana, mbele ya wageni wa Lamu, alimpandisha cheo akawa jenerali.

Mimi nafundisha hesabu na Kiingereza. Sipendi jibu lisiloonyesha njia yake, na mara ngapi nimemkatiza Baba mbele za watu nikimuuliza papa na jenerali walikutana wapi.

Lakini pana maneno mengine yasiyosemwa mbele yetu. Baba ni mweupe kuliko ndugu zake, na macho yake yamepauka kidogo. Nilikuwa na miaka tisa harusini mtu aliposema nyuma yangu, "Ndiyo mambo ya Nyali hayo," wenzake wakacheka. Babu alijua au hakujua, nani aulize? Mtu hamuulizi mamake swali kama hilo. Na sasa mtu kutoka Poland ameliuliza kwa barua, kwa stempu mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumejibu. Baba alikaa siku nne akitafuta la kusema, mwisho akaamua kusema yote isipokuwa jibu.

Shukri, ndugu yangu, ni karani kwenye yadi ya makontena kule Shimanzi, na kila meli ing'oapo nanga moyo wake hung'oka nayo. Alitaka tuandike ndiyo. "Ndiyo moja tu, Mejumaa. Mzee afurahi, siku moja atualike. Pana ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba hatujui."

"Na yeye hajui."

Baba akasema tuanze kwa "Ami yetu mpendwa."

"Lakini si ami yetu, Baba, si nduguye babu."

"Mtu wa umri ule nimwite Ludwik, hivi hivi, kana kwamba namwita msukuma mkokoteni? Adabu umeiacha wapi?"

Nikaliandika ami, kwa Kiingereza. Tukamuuliza afya yake, tukampa habari za afya yetu mmoja mmoja, habari za mvua isiyokuja, za Idd, za bei ya vitambaa. Juu ya swali lake Baba alisema: "Mwambie ya zamani Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye." Nikatafsiri neno kwa neno, na kusema kweli nilikionea fahari Kiingereza changu.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Hatimaye.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Nyanya amemaliza kofia moja na kuanza nyingine, na tangu barua ile ije hajasema nami ila habari za chumvi na vitunguu. Ni mkaidi, na ukaidi wake ni wa kimya, ambao ndio mbaya zaidi.

Jumatatu, 29 Aprili

Idd imepita salama. Baba alimaliza kanzu zote za watu, yake hakuiwahi, akaenda kuswali na ya mwaka jana.

Jumatano, 8 Mei

Shule zimefunguliwa na paa la darasa la tano linavuja palepale pa mwaka jana. Leo nikiita majina nilijikuta nayahesabu. Mohamed sita, Fatuma watano. Kadruba hakuna, wala sikutarajia.

Nimekuwa nikifikiri juu ya jina hili. Kwao Mzee Ludwik jina ni la nyumba nzima, hupita kutoka kwa baba hadi kwa watoto wote, lakini mwanamke akiolewa huliacha. Ndivyo alivyoeleza. Ndiyo maana wamebaki tisa. Kwetu mwanamke haachi kitu. Mimi ni Mejumaa Kadruba Salim na hata nikiolewa na sultani nitabaki hivyo. Lakini sisi hubeba la baba na la babu tu, kisha basi. Mtoto wa Shukri atalibeba. Mjukuu wa Shukri atalikuta limeshuka. Kumbe huku na huko lina safari ya kwisha, kila mahali kwa njia yake.

Jumatatu, 20 Mei

Jibu limekuja.

"Mmeniita ami," ameandika. "Nimemsomea jirani neno hilo, na kasisi, na mwanamke anayeuza mkate. Sikulala. Kwa hivyo Jan aliishi." Anaeleza kwamba kwenye jiwe la kaburi la wazazi wao, mbele ya jina la Jan, aliwahi kuchongesha alama ya kuuliza, kwa kuwa hakuwa na tarehe ya kuweka. Tarehe mosi Juni fundi wa mawe atakuja kuifuta alama hiyo na kuchonga badala yake: Jan, baba wa Kadruba wa Afrika. Kanisani pamesomwa sala ya shukrani. Ameandika kwenye karatasi ya kampuni ya yule mhandisi wa meli, yenye namba ya faksi juu, ili tukiwa na haraka tusisubiri posta. Ameweka pia picha yake, amevaa koti la heshima, amesimama wima.

Nilikaa na ile picha mapajani nikaona haya. Nilijua maana ya neno lile kwa Kiingereza. Nilijua kwao haitwi hivyo kila mzee, nikaliandika hivyo hivyo kwa sababu nilichoka kubishana.

Baba alipofika nilimsomea. "Mimi sikumwambia ni mwana wa Jan," akasema.

"Ulimwita ami."

"Kila mtu ni ami!"

"Kwao si kila mtu, Baba."

Akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa. Nikamwambia yuko mtu mmoja tu anayejua, naye yuko chumba cha pili. Akanijibu kwa sauti ya chini ambayo sijapata kumsikia nayo: "Nimuulize mamangu nini, Mejumaa? Niingie niseme, mama, mimi mwana wa nani? Ulimi wangu na ukatike kwanza."

Jumatano, 22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Shukri asema tuliache lilivyo, mzee afe na furaha yake. Zimebaki siku kumi.

Alhamisi, 23 Mei

Nimeuliza.

Mwana hawezi kumuuliza mamake, lakini mjukuu ana ruhusa nyingine. Tangu nizaliwe Nyanya huniita mke mwenzangu, na kwa utani huo nimewahi kumwambia mengi ambayo Baba angepigwa kwayo kofi hata sasa. Nilirudi kutoka shule nimelowa, nikamkuta dirishani na kofia yake, nikakaa chini na nguo zangu za maji.

"Mke mwenzangu," nikasema, "huyu mume wetu Salim, kule Nyali alikuwa akifua nguo za nani?"

Sindano ikasimama. "Umetumwa?"

"Sikutumwa."

"Basi umetaakhari. Miaka khamsini na mitatu nangoja mtu aniulize." Akanitazama. "Nawe wanidhania kama wao?"

Nilitaka kusema hapana na sikuweza, kwa sababu ni kweli nilimdhania. Akatikisa kichwa, hakukasirika. Nitaandika maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka.

"Nalikuwa na uchungu siku mbili. Twakaa Kisauni wakati huo, mimi sijatimia miaka ishirini. Mkunga wangu Bi Chonga akanawa mikono, akasema muiteni mumewe amuage. Salim hakuniaga. Alitoka mbio mvuani mpaka kambini, akarudi na mtu amevaa koti la askari, kichwa kimenyolewa. Nikamwambia, Salim, wanitilia mtu mume chumbani na mimi katika hali hino? Kumbe ni mtu mke. Wote walinyolewa, njiani walipatwa na homa ya chawa. Mkonda, mikono kama vijiti. Akatia mkono akamgeuza mtoto mumo kwa mumo. Alfajiri babako akalia."

"Na jina?"

"Salim ni dobi, Mejumaa. Dobi hamjui mtu kwa uso, amjua kwa nguo. Kila nguo ya kambini ilipigwa wino kwenye ukosi, ya fulani, ya fulani, zisichanganyike. Koti la yule limeandikwa Kadruba. Ndilo Salim alilolisoma kila wiki, ndilo alilomuitia. Nikasema mtoto huyu ni wa jina lake, mtu mume au mtu mke si kitu, bila yeye hayuko."

Mwanamke yule alikaa siku tatu hadi Nyanya akaweza kuketi. Baadaye akawa anakuja Ijumaa, akipewa ruhusa, kumbeba mtoto. Hakujua Kiswahili, wala Nyanya hakujua lake. Walisemezana kwa mikono. "Kila akimbeba babako huweka mkono hapa," Nyanya akasema, akauweka wake kifuani, kiganja chini, kama anayepima urefu wa mtu. "Hivi. Kisha alia. Nikafahamu kuna mtoto wa kimo hicho alomwacha mahali." Halafu wakapandishwa treni wakapelekwa bara. Hakumwona tena.

Nikamuuliza mbona hakutuambia ni mwanamke.

"Niseme mwanangu ana jina la mtu mke, watoto wa chuo cha Qur'ani wamcheke? Nilimwambia ni somo wake Mzungu, basi. Masharubu alimtia mwenyewe. Nikamwacha nayo."

"Na maneno ya watu, Nyanya?"

"Maneno ya watu yalikuwa yangu. Ya kuchekwa yangekuwa yake. Nalichagua yangu."

Alisema hivyo kana kwamba anachagua kitambaa. Mimi nililia, na nguo zangu bado zimelowa, hadi akaniambia niondoke nisimtie maji kwenye kofia ya watu. Miaka ishirini na tisa nimeishi naye nikimwita mkaidi.

Ijumaa, 24 Mei

Nilimwambia Baba dukani, baada ya swala, wateja walipopungua. Alikuwa akipiga kanzu pasi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, "Mtu mke?"

"Mtu mke, Baba. Mkunga."

Akaendelea kupiga pasi. Usoni nilimwona mara amepata kitu na mara amenyang'anywa kingine. Jioni hakwenda barazani.

Jumapili, 26 Mei

Baba hajaenda barazani siku ya tatu. Shukri na mimi tumegombana hadi jirani akafunga dirisha lake.

"Yule mzee amefurahi mara moja maishani mwake," Shukri akasema, "nawe wataka kumwandikia kwamba hapana, rudi ulikokuwa."

"Wewe wataka visa."

"Nataka, ndiyo! Na hata kama sitaki, utamuua kwa nini?"

Nilikuwa na jibu kali, na nafurahi kwamba sikuliwahi, kwa sababu Baba alitokea mlangoni na fulana yake ya ndani. Alisema, "Mimi nimekaa na jenerali wangu miaka khamsini, raha mustarehe, hakuna aliyedhurika. Lakini mtu asichongewe uwongo juu ya kaburi la mamake. Tena uwongo wangu mimi." Akanigeukia mimi. "Na mamangu mimi yuko hai. Ayasikie maneno yake yakisemwa mchana. Andika, Mejumaa. Na hiyo ami iache palepale, bado ni mkubwa wangu."

Jumanne, 28 Mei

Nimeiandika mara nne. Barua haifiki kabla ya tarehe mosi, kwa hivyo imebidi iwe faksi, na faksi iko ofisini kwa Shukri tu. Niliandika kwamba sisi si damu ya Jan na hatujui lolote juu yake. Kwamba tulimwita ami kwa sababu hapa mtu mzima haitwi kwa jina tupu, na kwamba kosa la kutomweleza hayo ni langu mimi niliyeshika kalamu. Kwamba jina la babangu lilitolewa kwenye koti la mwanamke mmoja, mkunga, kijana, aliyenyolewa kichwa, ambaye jina lake la kwanza hatulijui. Kwamba alikuwa hai Nyali mwaka 1943. Niliandika pia juu ya ule mkono kifuani.

Nilimpa Shukri asubuhi nikiwa na hakika ataitupa kwenye mtaro wa Shimanzi. Amerudi jioni amelowa chapachapa, na karatasi ya mashine ya kuthibitisha. Simu ilikatika mara mbili, akairudia mara ya tatu. Chini ya maandishi yangu, kwa mkono wake, ameongeza: "Tunaomba radhi. Tafadhali usituache."

Nimemkaangia samaki.

Jumamosi, 1 Juni

Leo ni siku ya fundi wa mawe.

Jumapili, 9 Juni

Kimya. Mvua imepungua, inakuja alasiri tu.

Jumanne, 18 Juni

Kimya. Mteja wa zamani aliingia dukani nikiwapo akamuuliza Baba habari za yule kapteni wake. Baba akasema, "Alikuwa mkunga," akaendelea kumpima mabega. Mteja akacheka akidhani ni mzaha. Baba akamngoja amalize, kisha akamsimulia yote, na leo mimi sikuwa na la kumkatiza.

Jumatatu, 24 Juni

Kila nikipita posta nasema sitaangalia sanduku, na kila siku naangalia. Nimeanza kuamini kwamba Shukri alikuwa na haki. Kweli nayo ina mahali pake, na huenda mahali pake hapakuwa kwa mzee mmoja mpweke mwenye koti la heshima.

Jumanne, 2 Julai

Imekuja. Mvua imekoma tangu juzi na watu wametandaza magodoro juani.

Sikuisoma peke yangu. Nilimngoja Baba, nikamngoja Shukri, tukaketi wote chumbani kwa Nyanya, nami nikawa nasoma na kuwafasiria.

Anasema faksi yetu ilifika tarehe ishirini na tisa. Siku ya kwanza alitukasirikia sana kwa lile neno ami. Siku ya pili alikaa tu. Siku ya tatu akaisoma tena, ndipo alipokuta pale penye mkono.

"Dada yangu Zofia alikuwa amesomea ukunga," anaandika. "Mwaka 1940, Jan akiwa vitani, Warusi walitupakia sisi wengine kwenye treni kwenda mashariki. Kwenye stesheni moja nilishuka na birika kutafuta maji ya moto, treni ikaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa namfika kifuani. Wazee wetu nilikuja kujua walikufa mwaka huohuo kwenye theluji, jiwe lao huku ni la kumbukumbu tu, na watu waliniambia Zofia alikufa nao, nikaamini. Mimi niliwekwa kwenye nyumba ya mayatima, na mwaka 1946 nikarudi kwetu, peke yangu. Ni mimi niliyemchongesha Zofia kwenye jiwe kwamba amekufa 1940. Nimeweka maua kwenye mwaka huo maisha yangu yote."

Fundi alipokuja tarehe mosi, mzee alimwambia asiiguse alama ya kuuliza ya Jan. Alimpa kazi nyingine. Alimfutisha ule mwaka wa Zofia, na mahali pake ameacha wazi.

Anaomba mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kumhesabu Baba kuwa Kadruba wa kumi. Serikali haitakubali, anasema, lakini hesabu hiyo ni yake, si ya serikali. La pili, tumuulize Nyanya kama ana lolote jingine la Zofia, hata dogo.

Baba alikuwa akilia waziwazi, wala hakujificha. "Mwandikie wa kumi yupo," akasema.

Nyanya mawazo yake yalikuwa bado kwenye lile jina. "Wamuita nani? Mtu wangu?"

"Zofia, Nyanya. Ndilo jina lake mwenyewe. Kadruba ni la nyumba nzima. Babake, mamake, nduguze, wote wanaitwa hilo."

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu aloandika barua?"

"Na huyu."

Akaiweka kofia chini, na sindano akaichomeka kwenye mkeka, jambo ambalo sisi tukilifanya hutukemea. Shukri alitaka kusema neno, Baba akamzuia.

"Mimi nalimuombea kwa jina hilo," Nyanya akasema. "Tangu treni ile ya bara iondoke. Kila Ijumaa baada ya alasiri, mpaka hino iliyopita. Ya Rabbi, mrudishe Kadruba kwao salama. Sina jingine ninalolijua la kumtajia. Nami moyoni nikajua hakurudi, maana dua nyingine mtu huisikia yapita, hino haikupita." Akanigeukia. "Huyu kijana, nduguye, wasema alirudi mwaka gani?"

"Arubaini na sita."

"Peke yake?"

"Peke yake, Nyanya."

Alijifuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akanyoosha mkono kunionyesha kalamu yangu pale chini, nami nikaichukua.

"Basi andika. Mwambie jingine la dadake sina. Na mwambie miaka yote hiyo nalikuwa nikimuombea yeye, na mwenyewe sijui."